Mgeni na Jembe: Mtu wa Kando na Mageuzi ya Jamii katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili zimo tatu ambazo, zikiwekwa pamoja, hufunua jinsi jamii inavyomtazama mtu asiyekuwa wake. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ya tatu ni "Mkataa kwao ni mtumwa." Ya kwanza hukiri kwamba mwenyeji ana maradhi asiyoweza kuyatibu mwenyewe, na kwamba dawa huenda ikatoka kwa yule atokaye nje. Ya pili humwekea mgeni sharti: heshima ya ugeni haidumu, na atakaye kukaa hana budi kushika chombo kile kile cha kazi wakishikacho wenyeji. Ya tatu ni onyo kwa yule anayewapa watu wake kisogo.

Fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ina watu wengi wa kando. Kwa jina hili yakusudiwa mtu aishiye katika jamii bila ya kuhesabiwa kuwa wa jamii hiyo, ama kwa sababu ya nasaba yake, ama ya siasa, ama ya fikira alizo nazo. Aghalabu wahakiki humweleza mtu huyu kwa njia moja kati ya mbili. Wako wanaomsoma kwa miwani ya udhanaishi wa Ulaya, hasa wa Sartre na Camus, wakamwona kuwa shujaa kwa sababu ya upweke wake tu: kadiri anavyotengana na wenzake ndivyo anavyosemekana kuwa huru. Wako pia wanaomsoma kwa kipimo cha umoja wa jamii, wakamwona kuwa mpotovu ambaye mwandishi amemweka kitabuni ili awe funzo kwa wengine.

Njia zote mbili zina upungufu wa namna moja. Zinatazama mahali aliposimama mtu wa kando, wala hazitazami alichoshika mkononi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukando peke yake si sifa wala si kosa. Mtu wa kando hupata kusudi la maisha yake, na huweza kuitikisa jamii, pale anapoikubali hali yake bila ya kuionea haya, na papo hapo akashika jembe la wenyeji, yaani lugha yao, sheria yao au wimbo wao, akalitumia kulima mahali ambapo wenyeji wenyewe hawajathubutu kulima. Mifano minne itachunguzwa: Karama wa Kusadikika, Siti binti Saad wa Unguja, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, na Kazimoto wa Kichwamaji. Watatu wa kwanza walishika jembe. Wa nne hakulishika, na kwa sababu hiyo mfano wake una uzito wa pekee.

Karama mbele ya baraza

Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nchi ya kitabu hicho inaelea angani, na watu wake wamezoea kuamini wanachoambiwa. Humo Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Shtaka hili ni la ajabu, kwa kuwa mtu anayetaka sheria ijulikane anashtakiwa kwa jina la sheria hiyo hiyo. Karama ni raia wa Kusadikika, lakini fikira yake imemtoa katika hesabu ya raia wema.

Mhusika wa namna hii angeweza kufanya mojawapo ya mambo mawili yaliyo mepesi. Angeweza kuomba radhi na kudai kwamba hakueleweka, kisha akarudi katika kundi. Angeweza pia kuidharau mahakama na kukataa kusema nayo. Karama hafanyi hili wala lile. Anakubali kwamba yeye ni tofauti na washtaki wake, kisha anatumia haki ya mshtakiwa ya kujitetea ambayo sheria ya nchi yake inampa. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliomtangulia: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hawa walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, watafute mambo ya kuifaa nchi. Walikwenda kwa taabu na kurudi na habari za njia bora za kuendesha mambo ya watu, na malipo yao yakawa kifungo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba utetezi wa Karama haumhusu Karama kwa sehemu kubwa. Mshtakiwa anatumia siku zake zote kuwatetea watu ambao tayari wamehukumiwa na kusahauliwa. Kwa kufanya hivyo anajipanga katika safu ya waliokataliwa, na upweke wake unageuka kuwa historia. Baraza lililodhani linamhukumu mtu mmoja linalazimika kusikiliza mashtaka dhidi yake lenyewe, siku baada ya siku, kwa umbo lisiloweza kulikataa: hadithi. Masikio yaliyofungwa kwa mwalimu wa sheria yanafunguka kwa msimulizi.

Mwandishi mwenyewe alitumia hila iyo hiyo. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na mtumishi wa namna hiyo asingeweza kuitaja wazi nchi iliyokuwa chini ya miguu yake. Akaitaja nchi iliyo angani.

Yapo malalamiko ya haki juu ya mwisho wa kitabu hiki. Ukombozi unatoka katika kinywa cha mfalme. Raia wa Kusadikika hawainuki, wala hawajulikani wanafikiri nini. Mhakiki anayetaka kuona umma ukijikomboa kwa mikono yake hatauona humo. Hata hivyo malalamiko hayo yasifiche tokeo lenyewe. Karama anapoachiliwa, wale wajumbe sita nao wanafunguliwa. Kesi iliyoanza kwa mtu mmoja inamalizika kwa watu saba kutoka kizuizini, na sita kati yao hawakuwa na mtetezi mpaka alipotokea mshtakiwa mwenzao.

Siti binti Saad na wimbo wa baraza

Huenda ikadaiwa kwamba Karama ni mtu wa kubuniwa, na kwamba katika maisha halisi mtu wa kando hapewi siku sita za kusema. Dai hilo linaweza kujibiwa kwa kitabu kingine cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotolewa kama kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwa mwandishi wake. Kinamhusu mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara na ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hapana ushahidi ulio wazi zaidi wa mahali alipowekwa na jamii yake.

Ile methali ya tatu husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Maisha ya mwanamke huyu yanaipindua. Aliyeitwa Mtumwa hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikomkataa, kabla hajajua kusema. Alikuwa akiuza vyungu kwa miguu, akinadi bidhaa yake kwa sauti ambayo baadaye ilikuja kujulikana pwani nzima. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafundishwa uimbaji na upigaji wa ala.

Taarab ya Unguja wakati ule ilikuwa na sura ya jumba la Sultani. Ilikuwa imeingia katika enzi ya Barghash bin Said (1870-1888) kutoka Misri, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Wengi waliokuwa nje ya jumba hawakuelewa maneno yake. Siti aliiingia sanaa hiyo ya wakubwa na kuiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wapigaji wenzake kurekodi sahani za santuri, na kwa sahani hizo Kiswahili kilisikika katika nyumba za pwani na bara kwa umbo lililokuwa geni kabisa.

Wapinzani wake hawakunyamaza. Walimwimbia kijembe wakimkumbusha kwamba ametoka shamba na kaniki, na kwamba kama si sauti yake asingekuwa na cha kula. Jibu lake linastahili kuzingatiwa na kila asomaye habari za watu wa kando. Hakujitafutia nasaba ya kubuni, kama walivyofanya wengi wa zama zile waliotaka kupanda daraja, wala hakukana kwamba ametoka shamba. Alijibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri na ukoo si kipimo cha mtu, na kwamba hasara ni kukosa akili. Alikikubali kile alichotukaniwa, kisha akakiondoa katika mizani.

Kwa kuwa alikuwa ametoka chini, aliyaona mambo ambayo waimbaji wa jumbani hawakuyaona. Wimbo wake wa "Kijiti" unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa mjini. Mwuaji akakimbilia bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Habari ya namna hiyo haikuwa na mahali katika taarab ya Sultani. Siti aliiingiza humo, na watu wasiokuwa na wakili wakapata mwimbaji.

Katika wasifu wake Shaaban Robert anamtukuza Siti zaidi kama kielelezo cha bidii na tabia njema. Sifa hizo ni za kweli, ila hazitoshi. Bidii yake ingeweza kumfikisha jumbani na kumwacha huko akiimba yale yale. Ukuu wake ni kwamba alipofika mahali pa wakubwa hakuisahau njia ya Fumba. Alipofariki mwaka 1950, taarab ilikuwa imekwisha kuwa mali ya watu wasiojua Kiarabu.

Abdilatif Abdalla: mtu aliyetengwa na dola

Siti alizaliwa kando, na Karama alitiwa kando na fikira zake. Abdilatif Abdalla ni mfano wa namna ya tatu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika jamaa yenye ushairi na elimu ya dini. Kwa nasaba na malezi alikuwa mwenyeji wa wenyeji. Dola ndiyo iliyomtoa nje. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiwa upande wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union, chama kilichoundwa mwaka 1966 chini ya Jaramogi Oginga Odinga na kupigwa marufuku mwaka 1969. Kwa waraka huo alihukumiwa kwa uchochezi, akakaa gerezani miaka 3, hadi mwaka 1972, kwa muda mrefu akiwa amefungiwa peke yake. Mahakama hii haikuwa na mfalme wa Kusadikika.

Humo ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Kitabu kilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kwa hiyo mtunzi alitunukiwa kwa jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kejeli hii imetajwa mara nyingi, lakini ni vyema kuuliza imewezekanaje. Jibu moja limo katika fani. Mashairi haya yamefuata vina na mizani, yametumia majibizano na mafumbo, na yamesimama juu ya misingi ya Muyaka na malenga wa kale wa Mombasa. Msomaji aliyeipenda serikali na aliyeichukia walikutana katika kitu ambacho wote walikitambua kuwa ni ushairi wa Kiswahili. Ilikuwa vigumu kumwita mgeni mtu aliyesema kwa ulimi wa mababu.

Fumbo katika mikono yake si pambo. "Mamba" ni habari ya mnyama anayeringa kwa nguvu zake mtoni, na "Jipu" ni habari ya uvimbe unaoiva. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" watu wawili, Alii na Badi, wanabishana juu ya mnazi, na msomaji hahitaji kuambiwa kwamba ugomvi huo ni mkubwa kuliko mti mmoja. Kwa upande mwingine, "Kuno Kunena", "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo" ni mashairi yanayotamka msimamo wa mfungwa bila ya kuuzungushia ua: kunena ndiko kulikomfikisha alipo, na alilolishika hataliacha. Kukubali kutengwa kumekuwa hapa msingi wa usemi wote. Mfungwa haombi kurudishwa katika baraza. Anaweka baraza lake ndani ya seli.

Hata lahaja yake ni ya kando. Baada ya Kiunguja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha kuanza kazi mwaka 1930, Kimvita kilibaki nje ya vitabu vya shule, ijapokuwa kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi. Abdilatif angeweza kukiacha ili asomwe kwa urahisi zaidi. Alikishika. Kwa namna hiyo Sauti ya Dhiki inatetea mambo mawili kwa pamoja: haki ya raia kuiuliza serikali yake inaelekea wapi, na haki ya lugha ya mahali kuuliza swali hilo kwa matamshi yake.

Kazimoto na mikono mitupu

Mfano wa nne unatoka mbali na pwani, katika kisiwa cha Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto, mhusika wake mkuu, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anapofika kwa mkuu wa wilaya, Manase, ambaye alisoma naye, anaonja dharau ya mwenye cheo. Anaporudi nyumbani hana tena imani ya wazee wake wala heshima kwa desturi zao, na mashaka yake yanafika kwa Mungu na kwa maana ya maisha yenyewe. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase na kufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, lakini mwisho anamwoa. Maradhi yaliyokwisha kumpatia Manase mtoto mwenye kichwa kikubwa yanaiingia nyumba ya Kazimoto pia. Kazimoto anajiua.

Kwa kipimo cha udhanaishi huyu ndiye mtu wa kando aliye kamili kuliko wote wanne. Ameona zaidi, ametilia shaka zaidi, na amejitenga zaidi. Walakini hapana anayeponywa naye. Sababu haiwezi kuwa kwamba hakuwa na akili, maana alikuwa nayo tele. Na jina la kitabu linakejeli kichwa kilichojaa kitu kisichokuwa na faida. Sababu ni kwamba Kazimoto hana jembe. Fikira zake hazipati umbo ambalo watu wake wangeweza kulipokea. Hana hadithi ya kulisimulia baraza, hana wimbo, hana shairi. Hasira aliyokuwa nayo juu ya Manase ilikuwa hasira ya haki, kwa kuwa Manase ni mfano wa wasomi waliorithi viti vya wakoloni na dharau yao. Lakini badala ya kuifanya hasira hiyo kuwa shtaka la hadhara, anaifanya kuwa kisasi cha siri juu ya mwili wa mwanamke asiyekuwa na hatia. Anatumia silaha ile ile aliyoitumia adui yake, na anauguzwa na maradhi yale yale.

Hapa hapana budi kumtenga mwandishi na mhusika wake. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikuwa naye mtu wa kando katika fasihi ya Kiswahili. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, iliacha vina na mizani, na watetezi wa ushairi wa jadi wakamshutumu kuwa anaharibu kisichokuwa chake. Je, mfano wake haupingani na hoja ya makala haya? Ikiwa Abdilatif alipata nguvu kwa kulishika jembe la jadi, vipi Kezilahabi aliyelitupa?

Ukweli ni kwamba hakulitupa. Alilitia mpini mwingine. Aliacha mizani, hakuacha Kiswahili, wala hakuacha kuwaandikia watu waliokisema mitaani na vijijini. Ugomvi wake na wanajadi ulikuwa ugomvi wa watu wawili walio katika shamba moja, na kwa sababu ya ugomvi huo ushairi wa Kiswahili umepanuka, wala haukufa. Kazimoto alikuwa na mashaka yale yale na hakuyaandika. Mwandishi aliyaandika, na kwa sababu hiyo kijana msomi wa Afrika Mashariki ameweza kuuona uso wake katika kioo cha riwaya.

Hitimisho

Mifano hii haitoshi kuthibitisha kwamba mtu mmoja anaweza kuigeuza jamii. Kusadikika ilingoja kauli ya mfalme. Unguja ya Siti iliendelea kupima watu kwa nasaba hata baada ya kufa kwake. Kenya ilikaa na chama kimoja kwa sheria kuanzia mwaka 1982 hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya swali la Twendapi? kuulizwa. Mtu wa kando hafanyi mageuzi peke yake. Anachofanya ni kulitamka jambo kwa namna ambayo haliwezi tena kurudishwa katika kimya, na wengine hulichukua kutoka hapo.

Basi zile methali tatu hazipingani kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Zinaeleza safari moja. Mgeni huweza kumponya mwenyeji, lakini si kwa sababu ya ugeni wake tu: uponyaji huanza siku ya tatu, anaposhika jembe. Na onyo la methali ya mwisho halimpati aliyekataliwa. Linampata anayekataa kulima.

Jambo hili linaihusu kwa karibu taaluma ya Kiswahili yenyewe. Kila mwaka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huwatoa vijana ambao elimu imewatenga na lugha za wazazi wao na mabaraza yao. Kutengwa huko hakuwezi kufutwa, na si lazima kufutwe. Jicho linaloona kutoka kando huona mengi. Lakini mwalimu anayewasomesha Kichwamaji asitosheke kuwauliza kwa nini Kazimoto alikufa. Awaulize pia angeweza kuandika nini, kwa lugha gani, na nani katika Ukerewe angemsikiliza.